Ultrasaundi na Hesabu ya Mwangwi

Tarehe 21 Julai 1955 magari mawili yaliingia katika kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, nje kidogo ya Glasgow, Scotland. Kwenye buti zake kulikuwa na vivimbe vilivyotolewa matumboni mwa wanawake hospitalini: fibroidi ngumu za mfuko wa uzazi, pamoja na vivimbe vya ovari vilivyojaa majimaji. Aliyevileta ni Profesa Ian Donald, bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Kiwanda kilikuwa na mashine ya kusaka nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Donald alikuwa amelitumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akazifahamu rada, na sasa alitaka kujua kama mashine ya chuma inaweza kutofautisha nyama na maji. Wenyeji wake wakaongeza pande kubwa la nyama ya ng'ombe, la kulinganishia.

Jibu likapatikana palepale. Mashine ilipoelekezwa kwenye fibroidi, skrini ilionyesha vilele vya mwangwi vilivyotoka ndani kwa ndani na kufifia kadiri kina kilivyozidi. Ilipoelekezwa kwenye uvimbe wa maji, kilitokea kilele kimoja cha ukuta wa mbele, halafu mstari mtupu, halafu kilele cha ukuta wa nyuma. Tofauti ilikuwa wazi hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika kisu cha upasuaji.

Muda si mrefu baadaye ukaja mtihani wa kweli. Kulikuwa na mama aliyekonda huku tumbo likizidi kufura. Eksirei yake ilikuwa imesomwa kuwa ni saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea, isiyofaa kupasuliwa. Donald alipomwekea kichwa cha mashine tumboni, alichokiona ni ukuta, utupu, ukuta. Maji matupu. Mama akafanyiwa upasuaji, ukatolewa uvimbe mkubwa wa ovari ambao haukuwa saratani kabisa, naye akapona.

Tarehe 7 Juni 1958 Donald, Dkt. John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown wa kampuni ya Kelvin & Hughes walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet, yakiwa na picha za vivimbe na za watoto walio tumboni. Brown ndiye aliyeunda mashine iliyokusanya mwangwi kutoka pembe nyingi na kuupanga kila mmoja mahali pake, hadi vilele vikageuka picha. Naona jina lake halitajwi inavyostahili. Bila mkono wake Donald angebaki na vilele vyake kwenye skrini, na sisi tusingekuwa na picha ya kumwonyesha baba mtarajiwa.

Hadi leo, mashine kubwa ya hospitali ya rufaa na kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye simu vinafanya kazi ileile iliyofanyika Renfrew: vinapiga sauti, vinasubiri, vinapima muda wa mwangwi kurudi. Hakuna mwanga unaoingia mwilini, wala kamera. Picha nzima ni hesabu, na hesabu hiyo imejengwa juu ya mambo ambayo mashine inayachukulia kuwa kweli bila kuyahakiki. Mpimaji anayeyajua mambo hayo huona mengi kuliko skrini inavyoonyesha. Asiyeyajua anaweza kuona kisichokuwepo, na mgonjwa akalipia gharama ya kosa hilo kwa mwili wake.

Tuanze na sauti yenyewe. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi ya hospitali hutumia mitetemo milioni 2 hadi milioni 15 kwa sekunde, yaani megahezi 2 hadi 15. Hakuna spika ya kawaida inayoweza kutoa sauti ya namna hiyo. Inatolewa na kauri. Mwaka 1880, mjini Paris, ndugu wawili Jacques na Pierre Curie waligundua kwamba fuwele kama za kwatzi zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata ikabainika kuwa na kinyume chake ni kweli: fuwele zikipewa umeme, hutanuka na kusinyaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Mfaransa Paul Langevin akaitumia kwatzi kusaka nyambizi chini ya bahari. Probu nyingi za leo, yaani vile vichwa vya mashine vinavyowekwa mwilini, zina kauri iliyotengenezwa kwa risasi, zirkoniamu na titaniamu, nayo hufanya kazi zote mbili: ikipigwa umeme inatetemeka na kutoa sauti, na mwangwi ukirudi kuigusa inatoa umeme kidogo sana ambao mashine huupokea.

Kauri hiyo hukatwa nyembamba. Kwa probu ya megahezi 3.5, inayotumika sana kwa tumbo na mimba, unene wake ni kama nusu milimita tu, kwa sababu unene ndio unaoamua masafa yake: nyembamba zaidi, sauti kali zaidi. Nyuma yake kuna tabaka zito la kunyonya mtetemo, ili kauri ikishapigwa inyamaze haraka. Ikiendelea kulia, mwangwi wa karibu utamezwa. Mbele yake kuna tabaka jingine, lenye unene wa robo ya urefu wa wimbi, la kuipitisha sauti kutoka kwenye kauri ngumu kwenda kwenye ngozi laini bila kurudishwa mlangoni. Juu ya yote kuna lenzi ya mpira, ule uso wa kijivu ambao mgonjwa anauona. Mhudumu anayeufuta uso huo kwa dawa kali isiyoruhusiwa na mtengenezaji anakula kifaa cha maelfu ya dola taratibu, siku hadi siku.

Sasa saa. Katika misuli, ini, figo na damu, sauti husafiri kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Hewani ni mita kama 340 tu. Kwa mwendo huo wa mwilini, mwangwi wa kitu kilicho sentimita 1 chini ya ngozi hurudi baada ya mikrosekunde 13, yaani sehemu 13 za milioni za sekunde. Kitu kilicho sentimita 10 hurudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 130. Mashine haina rula nyingine. Mpigo mmoja wa sauti huchukua kama mikrosekunde 1, kisha, kwa kina cha sentimita 15, mashine hukaa karibu mikrosekunde 200 ikisikiliza. Zaidi ya asilimia 99 ya muda wake iko kimya. Mwangwi wa mpigo mmoja hujaza mstari mmoja wa picha. Mistari 128 hufanya picha moja, na kwa kina hicho zinapatikana picha kama 40 kwa sekunde. Mpimaji akitaka kuona mbali zaidi, lazima asubiri zaidi, na picha kwa sekunde zinapungua. Ndiyo maana anayepima moyo hupunguza upana wa eneo analolitazama: vali ya moyo haimsubiri mtu.

Nimesema 1,540 ni wastani. Mashine nyingi zimewekewa namba hiyo na zinaitumia kwa kila mtu na kila tishu. Lakini katika mafuta ya mwilini sauti huenda polepole, mita kama 1,450 kwa sekunde. Mtu mwenye mafuta ya sentimita 5 chini ya ngozi, mashine itayasoma kuwa sentimita 5.3, na kila kilicho chini yake kitashushwa milimita 3 kutoka mahali pake halisi. Kwa uvimbe wa sentimita 8 hilo si kitu. Kwa sindano inayoelekezwa karibu na mshipa mkubwa wa damu, milimita 3 ni nyingi.

Mwangwi wenyewe hutokea pale tu sauti inapovuka mpaka wa vitu viwili vilivyotofautiana kwa uzito na ugumu. Kati ya mafuta na misuli, asilimia kama 1 ya nguvu ya sauti hurudi na iliyobaki inaendelea na safari. Kati ya tishu na hewa, zaidi ya asilimia 99.9 hurudi, na hapo safari imekwisha. Jeli ile ya baridi inayopakwa tumboni kazi yake ni kuondoa hewa kati ya probu na ngozi. Haitibu, haipenyi ndani, sehemu yake kubwa ni maji. Ikikosekana, hata mashine ya bei kubwa kuliko zote inaonyesha weusi mtupu chini ya mistari michache ya ngozi. Hewa ya utumbo nayo ni adui huyohuyo akiwa ndani ya nyumba: kongosho huweza kujificha nyuma yake asubuhi nzima.

Ukipita kwenye korido ya chumba cha ultrasaundi, utawaona wanawake wameshika chupa za maji, wengine wakijikaza kwenye benchi kwa sababu wameambiwa wasiende haja ndogo. Wengi hawaelezwi sababu, na wapo wanaodhani ni ukali wa wauguzi tu. Sababu ni ya kifizikia. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo wenye hewa pembeni, na maji yake huipitisha sauti karibu bila kuinyonya, hivyo mfuko wa uzazi unaonekana kama kupitia dirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi la Donald liliona kwamba kibofu kikijaa, mimba changa kabisa inaonekana. Leo, kwa mimba iliyokua, maji mengi hayahitajiki, na kwa kipimo cha ndani kupitia ukeni kibofu hutakiwa kuwa kitupu. Mama ana haki ya kuuliza ni kipi anachoenda kufanyiwa kabla ya kujitesa bure.

Sauti huchoka njiani. Kanuni wanayoishika mafundi ni kwamba hupoteza nusu desibeli kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Fanya hesabu: probu ya megahezi 5, kiungo kilicho sentimita 10, kwenda na kurudi ni sentimita 20. Upotevu ni desibeli 50. Maana yake, hata kama mpaka ule ungerudisha sauti yote, nguvu inayofika kwenye kauri ni sehemu moja ya laki moja ya iliyotoka. Bila msaada, picha ingekuwa nyeupe juu na giza chini. Kwa hiyo mashine huukuza mwangwi kwa kadiri ulivyochelewa: wa karibu kidogo, wa mbali sana. Vile vitufe vilivyopangwa safu upande mmoja wa mashine, vinavyosukumwa kushoto na kulia, ndivyo vinavyorekebisha ukuzaji huo kina kwa kina. Kitufe kimoja kikisahaulika mahali pabaya, ukanda mzima wa ini unaweza kuonekana mweupe kupita kiasi, na ini lenye afya likaandikiwa ugonjwa.

Hapo ndipo ulipo mvutano mkubwa wa fani hii. Masafa makubwa huonyesha vitu vidogo: kwa megahezi 10 urefu wa wimbi ni milimita 0.15, na mashine hutenganisha nukta zilizokaribiana sana. Lakini masafa hayo hayafiki mbali. Masafa madogo hufika chini, ila huona kwa jumla. Kwa sababu hiyo chumba kilichokamilika kina probu zaidi ya moja: iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, kwa tumbo na mimba, iliyonyooka, ya megahezi 7 hadi 15, kwa tezi ya shingo, titi na mishipa ya damu, na yenye uso mdogo wa kupenya kati ya mbavu, kwa moyo. Ukiona titi linapimwa kwa probu ya mimba, kuna jambo halijakaa sawa.

Ndani ya probu hizo kauri haiko pande moja. Imekatwa vipande vyembamba, mara nyingi 128 au 192, kila kimoja na waya wake. Mashine ikitaka sauti yote ikutane kwenye nukta moja ya ini, haiviamuru vipande vyote pamoja. Ni kama wageni wa harusi: anayekaa mbali hutoka kwake mapema, wa jirani anachelewa, na wote wanafika ukumbini wakati mmoja. Vipande vya pembeni hupigwa kwanza, vya katikati mwisho, kwa tofauti ya sehemu ndogo za mikrosekunde, na mawimbi yao hufika pamoja pale yanapotakiwa. Kwa kubadili ucheleweshaji huo, sauti inaelekezwa kushoto, kulia, karibu au mbali, bila mkono wa mpimaji kusogea. Mwangwi ukirudi, hesabu hufanywa kwa kinyume, kwa kila nukta ya picha. Katika mashine nzima, hapa ndipo pananistaajabisha zaidi.

Nimesema mashine inayachukulia mambo kuwa kweli. Inaamini sauti huenda kwa mstari ulionyooka, hugonga mara moja, hurudi kwa njia ileile, na hupungua kwa kiwango kilekile popote. Mwili hauheshimu imani hizo, na kila zinapovunjwa, alama hujitokeza kwenye picha. Jiwe la nyongo huirudisha na kuinyonya sauti, hivyo nyuma yake kunabaki ukanda mweusi, kivuli kilichonyooka hadi chini. Uvimbe wa maji hufanya kinyume: sauti inapita bila kuchoka, lakini mashine, ikidhani imechoka kama kawaida, inaikuza vilevile, na eneo la nyuma linang'aa kuliko majirani zake. Kwa kitabu cha fizikia hayo ni makosa ya picha. Kwa mpimaji ni habari njema: jiwe linatambulika kwa kivuli chake, maji yanatambulika kwa mng'ao wa nyuma yake.

Mapafu yalidhaniwa kwa miaka mingi kuwa nje ya uwezo wa ultrasaundi kwa sababu ya hewa. Tangu miaka ya 1990 daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein alionyesha kwamba alama za uongo zenyewe zinasomeka. Pafu lenye hewa hutoa mistari ya mlalo inayojirudia kwa umbali uleule. Pafu lililoanza kuingiwa na maji hutoa mistari ya wima inayoshuka hadi chini ya skrini. Mgonjwa anayehema kwa shida usiku anaweza kutofautishwa kitandani pake, kabla ya kupelekwa eksirei.

Nguvu ya kutofautisha maji na nyama ilionekana katika eneo letu kwa namna ambayo ingepaswa kufundishwa katika kila chuo cha afya. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo duniani yaliyoathirika sana na ugonjwa wa hidatidi. Chanzo chake ni tegu mdogo wa mbwa. Mayai yake yakimezwa na mtu, huweza kukua ndani ya ini au mapafu kuwa mfuko wa maji unaofikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mgonjwa hutembea nao miaka mingi bila kujua. Katika miaka ya 1980 timu za shirika la afya la AMREF zilibeba mashine ndogo za ultrasaundi na jenereta hadi kwenye makazi ya wafugaji, zikapima maelfu ya watu waliolala chini ya vivuli vya miti. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wa mashine hiyo na kipimo cha damu: ultrasaundi iliwatambua wagonjwa ambao damu yao haikuonyesha kitu. Mfuko uliofungwa vizuri haumwagi alama zake kwenye damu, lakini hauwezi kuificha mipaka yake mbele ya sauti.

Na haikuishia kwenye kujua yupo au hayupo. Mwaka 1981 Hassen Gharbi na wenzake nchini Tunisia walichapisha namna ya kuipanga mifuko hiyo kwa sura yake kwenye ultrasaundi, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mpangilio wake. Mfuko wa maji safi wenye ukuta unaoonekana vizuri uko hai. Wenye utando uliobanduka na kuelea ndani unaanza kushindwa. Uliojaa vitu vizito na ukuta wa chokaa unaotupa kivuli umekwisha kufa, na mara nyingi huachwa ukifuatiliwa tu. Kwa baadhi ya mifuko, sindano huongozwa na ultrasaundi ikafyonza maji, ikaingiza dawa ya kuua vimelea, kisha ikafyonza tena, mgonjwa akiwa macho. Sura ya mwangwi ndiyo inayoamua nani apasuliwe, nani apewe vidonge, na nani arudi kwa mifugo yake.

Kuhusu zile rangi nyekundu na bluu, nitasema kwa kifupi. Mwaka 1842 Mwaustria Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika masafa pale chanzo chake kinapokaribia au kuondoka. Chembe za damu zinazoikimbilia probu hurudisha mwangwi wenye masafa makubwa kidogo, zinazoikimbia hurudisha madogo. Kwa mwendo wa kawaida wa damu, tofauti hiyo huwa mitetemo mia kadhaa hadi elfu kadhaa kwa sekunde, ndani ya uwezo wa sikio. Ule mlio wa "fwa-fwa-fwa" ambao mama husikilizishwa ni tofauti hiyo iliyopelekwa kwenye spika. Rangi huonyesha mwelekeo tu, kuja au kwenda. Nyekundu haimaanishi ateri. Tena damu ikipita kwa pembe ya digrii 90 mbele ya sauti, hakuna tofauti inayopimika, na mshipa ulio hai kabisa unaweza kuonekana kama umeziba. Mpimaji makini huinamisha probu kabla ya kuandika neno "umeziba".

Kina mama huuliza kama mionzi ya mashine hii itamdhuru mtoto. Ultrasaundi haina mionzi, ni mtetemo. Hofu ya eksirei kwa wajawazito ilianza kupata ushahidi mwaka 1956, pale Dkt. Alice Stewart wa Oxford alipoonyesha uhusiano kati ya eksirei wakati wa ujauzito na saratani za utotoni, na hilo liliipa kazi ya Donald uzito zaidi. Lakini kukosa mionzi hakumaanishi kukosa nguvu. Sauti hupasha tishu joto, na ikiwa kali huweza kuvisukasuka viputo vidogo vya gesi. Kwa hiyo skrini huonyesha namba mbili, moja ya joto na moja ya msukumo, na ya pili imewekewa kikomo cha 1.9 na mamlaka za Marekani. Kipimo cha rangi kina nguvu zaidi ya picha ya kawaida, hivyo hakitumiki hovyo kwa mimba changa. Kipimo kinachohitajika kiafya, kikifanywa na mtu aliyefundishwa, hakijaonyeshwa kumdhuru mtoto. Kupima kila wiki kwa ajili ya video ya familia ni jambo jingine, nami silipendi.

Bei imeshuka sana. Mwaka 2017 kifaa cha Butterfly iQ kiliidhinishwa Marekani: probu moja inayochomekwa kwenye simu, isiyotumia kauri bali vitando vidogo sana kama 9,000 vilivyotengenezwa juu ya chipu, na inayoweza kubadili masafa ili kufanya kazi ya probu tatu. Ilitangazwa kwa bei ya chini ya dola 2,000. Vifaa vya namna hii vimeanza kuingia mikononi mwa wakunga wetu, na nafurahi. Wasiwasi wangu ni kwamba bajeti hununua kifaa na kusahau miezi ya kumfundisha mtumiaji wake, kana kwamba hesabu zote nilizozieleza hapa zimo ndani ya chipu. Kivuli cha jiwe, mng'ao wa nyuma ya maji, pembe ya damu: hayo yanabaki kazi ya mtu.

Matunzo nayo yana nafasi yake. Adui wa probu ni sakafu na magurudumu. Ikidondoka, kauri hupasuka. Waya wake ukikanyagwa na magurudumu ya mashine, nyaya nyembamba za ndani hukatika mojamoja. Picha haifi, inafifia kwa mistari, na aliyeizoea haoni tena upungufu wake. Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Futa jeli yote, washa mashine, iache probu hewani. Juu ya skrini itaonekana mikanda inayolingana kutoka upande hadi upande. Palipo na pengo la giza, kipande cha kauri hakifanyi kazi. Chukua klipu ya karatasi iliyonyooshwa, iburuze polepole juu ya lenzi: mng'ao utaifuata klipu kila inapopita, na utakatika mahali palipokufa. Dakika 2 kila Jumatatu asubuhi zinatosha.

Kati ya kazi zote za mashine hii, inayoniuma zaidi ikikosewa ni ya kujua umri wa mimba. Mwaka 1973 Hugh Robinson, hapohapo Glasgow, alionyesha kwamba mtoto akipimwa kutoka utosini hadi matakoni katika miezi mitatu ya mwanzo, umri wake hupatikana kwa tofauti isiyozidi siku 5 hivi. Mimba ya wiki 9 ina mtoto wa milimita kama 23, na anaongezeka zaidi ya milimita 1 kila siku. Mpimaji akikosea milimita nzima, amekosea chini ya siku moja. Mwezi wa nane mambo ni tofauti. Kichwa huongezeka milimita 2 hivi kwa wiki, kwa hiyo kosa la milimita 3 tayari ni zaidi ya wiki, na hapo watoto wenyewe wameshaanza kupishana kwa maumbile ya wazazi wao, kwa malaria, kwa shinikizo la damu la mama. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki 24. Huku kwetu wengi hufika wakiwa wamepita hapo mbali, kwa sababu ya umbali, nauli, au kuambiwa kwamba mimba changa haitangazwi.

Mama anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na tumbo kubwa, asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho, mashine inaweza kumwandikia wiki 31. Huenda ni kweli ana wiki 31. Huenda ana wiki 34, na mtoto amedumaa kwa sababu kondo la nyuma halimlishi vizuri. Picha moja haiwezi kuutenganisha ukweli huo na huo, hata ikiwa safi namna gani. Arudi baada ya wiki 2 au 3, apimwe na mashine ileile, kichwa, tumbo na paja, pamoja na damu inayopita kwenye kitovu. Mtoto aliyekuwa mdogo kwa sababu tu umri wake ni mdogo atakuwa ameongezeka sawasawa. Aliyedumaa atakuwa amebaki nyuma, na wodi ya wazazi itajua kwamba muda wa kusubiri umekwisha.